Hisa Alizosubiri Zichanue

Fundi aliyekuwa akitengeneza mashine za kupulizia korosho, jirani na stendi ya mabasi ya Lindi, amefariki dunia. Simu ilinikuta Kilwa Masoko, nimekaa mgahawani, na aliyepiga ni jirani yake wa Mitwero, mtu asiyejua kuzungukazunguka. "Mwandishi, rafiki yako katutoka. Kaanguka akiwa anafunga kabureta. Tumembeba, njiani akakata roho. Maziko kesho baada ya Adhuhuri." Nikauliza lile swali la kijinga ambalo kila mtu huuliza, kama ana hakika, naye akanijibu kwa upole kwamba sanda imeshakwenda kununuliwa. Nilikaa na kikombe mbele yangu mpaka mhudumu akaja kuuliza kama chai ina kasoro. Wasomaji wangu wa kawaida wanajua kwamba safu hii huzungumzia bei, masoko na safari za bidhaa, na kwamba mara nyingi nimemtaja humu "fundi mmoja wa Lindi" bila kusema zaidi. Ni huyo. Mengi niliyoyaandika hapa yalianza kwenye benchi lake, kati ya harufu ya petroli na unga wa salfa.

Kwa asiyemjua, nieleze kwa kifupi. Alikuwa mtu wa makamo, mgane wa mke mmoja, hakujaliwa mtoto wa kumzaa. Ndugu zake walikuwa wawili tu: dada mkubwa anayelima Kikole, na mdogo wake wa kiume anayeuza mbao hapa Lindi. Lakini alikuwa na binti. Mama wa binti huyo, jirani yao, alifariki kwa uzazi, na baba yake alikwisha kuondoka zamani bila kuaga. Fundi na mkewe wakamchukua akiwa bado hajafunguka macho vizuri, wakamlea kwa maziwa ya kopo na dua. Alimwita fundi "baba", naye akamwita "mama", kama wafanyavyo baba zetu wengi kwa binti zao. Mke wa fundi alipofariki, binti alikuwa ameshakua na anajua kushona. Ndiye aliyepika, aliyefua, na aliyekaa sebuleni na baba yake ili nyumba isizizime.

Sasa dini yetu iko wazi katika jambo hili, na fundi alilijua kama sisi sote tunavyolijua: mtoto wa kulea harithi. Ukifa bila kupanga, nyumba aliyokulia inakwenda kwa ndugu zako wa damu, naye anabaki na nguo zake. Njia zipo. Unaweza kuusia sehemu ya mali, au unaweza kumpa kitu ukiwa hai, ukamkabidhi mbele ya watu, kikawa chake. Fundi alichagua hiyo ya pili. Alisema wasia ni maneno ya mtu aliyekwisha kufa, na yeye alitaka kuuona uso wa binti yake siku ya kupokea. Kilichobaki ni kupata kitu cha kumpa. Shamba hakuwa nalo, mikorosho ya ukoo ilikuwa chini ya dada yake Kikole, na nyumba aliona haya kuwanyima nduguze. Ndipo zikaingia hisa.

Nilikuwapo siku wazo hilo lilipomjia. Ulikuwa msimu wa korosho, na mizani ya umeme ya ghala moja la chama cha msingi cha ushirika ilikuwa imezima. Wakulima walikuwa wamejipanga na magunia yao tangu juzi yake, wengine wamelala juu ya mzigo. Karani alikwisha kuagiza kipuri, akajibiwa kwamba kiko melini, na meli imelazimika kuzunguka kusini mwa Afrika kwa sababu njia ya Bahari ya Shamu haikuwa salama. Wakamwita fundi ajaribu. Akafungua mizani, akaichungulia kwa miwani yake ya kamba, kisha akatoa kibao cha ndani na kukishika juu watu wakione. Katikati yake palikuwa na kijiwe cheusi kisichozidi ukucha.

"Huyu ndiye aliyewalaza nje," akasema. "Chipu. Amekufa."

Mzee mmoja aliyekalia gunia lake akauliza, "Sasa wewe fundi kazi yako nini? Kututambulisha kwa maiti?"

"Ningemfufua, mzee wangu. Lakini huyu hafufuki, anaagizwa tu."

"Basi agiza na jeneza, maana sisi tunafia hapa."

Watu wakacheka, magunia yakabaki pale pale. Tuliporudi kwenye karakana yake fundi hakushika kazi yoyote, jambo lisilo la kawaida. Kisha akaniambia: "Mwandishi, kijiwe kile kipo kwenye mizani, kwenye simu yako, kwenye basi, kwenye mashine za hospitali. Vinatengenezwa mahali pachache, na meli zikichelewa dunia nzima inakaa juu ya magunia. Sisi wa huku tunajua. Mwenye ufuta ghalani wakati wenzake wamemaliza ndiye anayecheka. Nataka niwe na kipande cha yule mwenye ghala, ninunue hisa za kampuni ya vijiwe hivi."

Nilimweleza nilichokuwa nimejifunza kwa kusoma, maana mimi sikufundishwa mambo haya darasani. Nilimwambia kwamba uhaba haumtajirishi kila mtu aliye karibu nao. Mwenye ufuta anacheka kwa sababu ufuta umeshafika ghalani. Kampuni ya teknolojia haina ghala la namna hiyo. Inachora chipu nchi moja, mashine za kuitengenezea zinatoka nchi nyingine, inatengenezwa kisiwani, inafungashwa kwingine, kisha inapanda meli. Pingili moja ikikatika, kampuni inakuwa kama sisi pale ghalani: ina wateja na haina cha kuwauzia. Nikamwambia pia jambo ambalo naendelea kuliamini, kwamba mtu ambaye kazi yake inategemea vipuri vya meli asiweke na akiba yake melini humo humo, kwa kuwa siku meli zikichelewa atalala njaa pande zote mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema nimeeleza vizuri, na kwamba mvuvi naye anakula samaki, kazi na kitoweo vyote kutoka bahari moja. 

Alikwenda kwanza kwa shehe wa msikiti wetu kuuliza kama jambo lenyewe ni halali. Shehe alitaka kujua kampuni inafanya nini hasa. "Inauza ulevi?" La. "Inakopesha kwa riba?" La, inatengeneza vijiwe. "Na wewe utanunua faida ya uhakika, au utaingia kwenye faida na hasara?" Fundi akasema ataingia kwenye vyote viwili. "Basi ni ushirika," shehe akasema, "ila usije kwangu kulia ikishuka." Mpwa wa marehemu mkewe, aliye Dar es Salaam, alimwelekeza kwa wakala na jinsi ya kununua kwa simu, na kwa msimu mzima fundi alikuwa akitengeneza mashine mchana na kuweka kidogo kidogo kila alipolipwa. Hisa zilipanda kwanza. Siku hizo alitembea kama mtu aliyeozesha binti. Aliniambia zikifika kiwango fulani alichokuwa nacho moyoni, atamwita binti yake, atamwita shehe, atapika pilau, na atamkabidhi.

Kisha mataifa makubwa yakaanza kuzuiana kuuziana chipu na mashine za kuzitengenezea, yakatishiana ushuru, na bei ikaporomoka. Ninajua wasomaji wengi mlipitia kipindi kile kwa kusikia tu redioni. Fundi alikipitia kidoleni. Alikuwa akifungua simu kati ya mashine moja na nyingine, anatazama, anaifunga, anarudi kwenye kabureta. Na kama nilivyohofia, kazi nayo ilikuwa imepungua, kwa kuwa vipuri vyake vilikuwa baharini.

Ni wakati huo huo binti yake alipokuja na haja yake. Alikuwa anashona kwenye duka la watu na alitaka kuanza lake: cherehani moja na fremu ndogo ya duka sokoni. Hakuomba apewe yote, aliomba asaidiwe kuanza. Baba yake akamwambia, "Ngoja kwanza, mama." Akaja tena, akaambiwa angoje. Mara ya tatu hakueleza hata haja, alisimama tu mlangoni mwa karakana, na baba yake, mikono ikiwa na grisi, akasema bila kumtazama, "Si nimekwambia ngoja?" Mimi nilikuwa kwenye benchi. Binti akasema, "Sawa, baba," akanisalimia shikamoo, akaondoka. Muda si mrefu akapata kazi ya kushona Kilwa Masoko, akahamia huko. Alikuwa akija mara kwa mara, baadaye akawa anakuja sikukuu tu.

Siku ile nilimuuliza fundi kwa nini asimwambie.

"Nimwambie nini? Kwamba baba yako alikununulia kitu, kikanyauka?"

"Kimepungua. Hakijanyauka. Mkabidhi leo, angoje mwenyewe."

Akaweka bisibisi chini. "Mwandishi, wewe ni mtu wa huku au umekuja na meli? Uliona wapi mtu anampa mtoto mkorosho wenye ubwiriunga?"

Asiyelima korosho huenda hajui. Ubwiriunga ni ugonjwa unaofunika maua ya mkorosho kwa unga mweupe mpaka yanakauka, na ndio tunaoupulizia salfa. Na katika familia nyingi za kwetu, baba akitaka kumpa mtoto mti, hamwambii jioni wakati wa kula. Anaupalilia kwanza, anaupogolea, anaupulizia. Ukichanua vizuri anamshika mkono, anampeleka shambani, anaweka kiganja cha mtoto kwenye shina na kusema: huu wako. Kumpa mtoto mti mgonjwa ni kama kumtupia mzigo. Fundi alipewa mkorosho wake wa kwanza namna hiyo na baba yake, huko Kikole, na hakuwa amewahi kufikiri kwamba kuna namna nyingine ya kumpa mtoto kitu. Nilimwelewa. Nilimwambia tena amkabidhi, naye akaniambia tena zitachanua, kisha tukazungumza mambo mengine. Aliniomba nisimwambie binti, kwa sababu ilikuwa zawadi yake na yeye ndiye wa kuitoa.

Kwenye maziko, watani walikuwa wengi. Mtani wake mmoja wa Kimatumbi, aliyezoea kumkuta karakanani akitazama hisa zake kwenye simu, alisimama ukingoni mwa kaburi wakati udongo unarudishwa, akapaza sauti: "Jamani, mfukieni taratibu. Huyu bwana ana kiwanda huko ughaibuni. Akija meneja wake kumtafuta mtasema mmemweka wapi?" Watu wakacheka huku wanafuta macho, kama inavyotakiwa. "Kiwanda anacho, na mimi mtani wake hakunipa hata kazi ya ulinzi. Kafa na choyo chake." Mdogo wa marehemu, muuza mbao, alikuwa na jembe mkononi. Hakucheka. Tulipokuwa tunarudi alinisogelea na kuniuliza kiwanda gani hicho. Nilimwambia hilo ni la kuzungumza mbele ya shehe. Shehe mwenyewe, nilipomweleza ninachokijua, aliniomba nisiseme neno upande wowote mpaka warithi wakae pamoja, lisije likazaa maneno ya pembeni. Binti alikuwa ndani na wanawake. Sikumwona siku ile ila mgongo wake.

Tulikaa baada ya arobaini, kwenye nyumba ya Mitwero. Mahakama ilikuwa imeshamteua msimamizi wa mirathi, na wakala wa hisa alikuwa amethibitisha kwamba zipo na ziko kwa jina la marehemu. Jambo moja zaidi alilithibitisha: bei ilikuwa imepanda. Ilikuwa imepita hata kile kiwango ambacho fundi alikuwa nacho moyoni. Meli zilikuwa zinapita, viwanda vinauza, na mwenyewe alikuwa chini ya ardhi. Nilipoombwa kushuhudia, nilieleza kama nilivyoeleza hapa. Binti alikuwa amekaa mkekani karibu na shangazi yake, ameinamisha kichwa. Nilipofika mahali pa kusema hisa zile zilinunuliwa kwa ajili yake, alinyanyua uso na kunitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

"Alimkabidhi?" shehe akauliza.

"Hapana."

"Binti mwenyewe alikuwa anajua?"

"Hakuwa anajua."

Shehe akasema, kwa sauti ya mtu asiyefurahia anachokisema, kwamba zawadi isiyokabidhiwa haijatoka mkononi mwa mwenyewe, na aliyekufa nayo ameiacha kwa warithi. "Nyinyi wawili ndio mmesimama mahali pake. Mkitaka mtaikabidhi, mkitaka mtaizuia. Sheria haiwalazimishi."

Dada mkubwa, mama wa Kikole, hakuchelewa. "Shehe, mimi hizo hisa sijui ni mdudu gani. Lakini kama ndugu yetu alizipanda kwa ajili ya mtoto huyu, basi fungu langu ni lake. Leo hii. Haya mwanangu, sema umepokea, watu wasikie."

Binti akajifunika uso kwa ukingo wa kanga. Shangazi akamshika goti. "Sema tu. Hata kwa kichwa." Akaitika kwa kichwa, na shehe akasema inatosha.

Fungu la dada ni nusu ya fungu la kaka. Tukamgeukia muuza mbao. Alikuwa anatazama mlango. "Dada, wewe una shamba na wanao wameshakua," akasema. "Mimi wangu wako shuleni. Mvua hii mbao hazitoki. Mungu amenipa fungu, sikuliiba. Mwanangu, usinione mbaya." Kila alichosema kilikuwa kweli. Nami siandiki hapa kumhukumu. Alikuwa na haki, na alikuwa na shida, na kaka yake hakumwachia neno lolote la kumwongoza. Nyumba nayo itauzwa wagawane, maana haikatiki vyumba.

Watu walipoanza kuinuka binti alinifuata barazani. Nilikuwa nimejiandaa aniulize kuhusu bei, au namna ya kuuza, au kama kuna njia ya kumrudia yule muuza mbao kwa upole. Nilikuwa na majibu ya hayo yote.

"Baba mdogo," akaniambia, "kwa hiyo aliposema ningoje, alikuwa anangoja hizi?"

Nikamwambia ndiyo.

"Mimi nilidhani amenichoka. Nilidhani kwa kuwa mama hayupo tena, amekumbuka kwamba mimi si wake." Alisema bila kulia, polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Ndiyo maana nilikwenda Kilwa. Nikasema nisimpe taabu ya kunifukuza."

Nikamwambia alivyokuwa akitembea siku hisa zilipopanda, na pilau aliyokuwa ameipanga. Nilimwambia kila neno la baba yake nililolikumbuka, yale mazuri na yale ya kuudhi, kwa sababu nilikuwa sina kitu kingine cha kumpa. Akauliza zilikuwa zimeshuka kiasi gani alipokuja mara ile ya tatu. Nikamwambia zimeshuka sana. "Ningezichukua hivyo hivyo," akasema. "Tungekuwa tunazitazama wote."

Nimeandika safu nyingi kuhusu hatari. Nimewaeleza jinsi bahari moja ikifungwa bei inavyobadilika Lindi, jinsi akiba isivyofaa kukaa mahali pamoja, jinsi uhaba unavyomdanganya anayeutazama kwa nje. Sifuti hata sentensi moja. Fundi alikosea hesabu ya uhaba, lakini kosa hilo soko lenyewe lilimsamehe: aliyenunua kwa sababu isiyo sahihi akavumilia, akafika. Kosa ambalo halikusamehewa ni jingine. Alidhani kwamba bei ikishuka, zawadi nayo imeshuka. Ilikuwa kinyume. Katika miezi ile binti hakuhitaji hisa zilizochanua, alihitaji kujua kwamba yuko mtu anayefungua simu kila saa kwa ajili yake. Hilo lilikuwapo tangu siku ya kwanza, lilikuwa kamili, na halikuwa linategemea meli yoyote.

Kwa hiyo somo langu la safari hii ni fupi, na ninaliandika kwa uzito zaidi kuliko yote niliyowahi kuwaandikia kuhusu masoko. Kama kuna kitu umemwekea mtu, hisa, kiwanja, mbuzi, mwite. Mwite shehe au padri au mjumbe wa nyumba kumi awe shahidi, wewe utamke, naye apokee. Usingoje kipendeze. Ikiwa kimepungua, mwambie kimepungua, na kama ni kungoja, ngojeni wawili.